Koki Moja Iliyorudi Mbili

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kabla ya yote, ili hata nikija kukosa adabu huko mbele, heshima yako iwe imeshatangulia. Goti linaendeleaje? Dada aliniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi, ingawa nakujua, ukiona mtu anakutazama unajikaza, akigeuka tu unakaa chini. Na macho je, umekwenda kupimwa, au bado ni ile wiki ijayo isiyofika? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Nakula. Usingizi napata wa kuungaunga. Kichwa ndicho kinachochemka.

Nimekuandikia barua badala ya kukupigia simu kwa sababu moja tu: kwenye simu unalia. Ukilia mimi nakubali kila kitu, na nikishakata ndipo nakumbuka kwamba sikukubaliana na hata neno moja. Safari hii sikubali. Kwa hiyo kaa vizuri, dada akusomee polepole, na asiruke maneno kwa kukuonea huruma. Dada, umesikia? Usiruke.

Naanza na yule fundi, kwa sababu uliponipigia ulisema kuna fundi aliyeungua kidogo. Kidogo! Nani alikupa hilo neno kidogo? Ni kaka, najua. Basi huyo aliyeungua kidogo ni fundi wa mabomba pale kiwandani kwetu. Jina lake la kuzaliwa hata mimi nimelijua juzi hospitalini, maana watu wote tunamwita Spana, kwa kuwa anatembea na spana na akiwashwa mgongo anajikunia hiyo hiyo. Ni mtu wa kelele. Hapiti mlangoni kwetu bila kuniita Mama Kompyuta na kuniuliza kama mashine yangu imeshakula. Mvuke ulimpiga mikono yote miwili, shingo, na upande wa kushoto wa uso. Jicho la upande huo daktari hajasema lolote, na daktari akinyamaza, mama, unajua maana yake. Uongozi wa kiwanda unasema aliungua kwa uzembe wake, kwamba alifungua bomba bila kuuliza kama mvuke umefungwa. Ikishaandikwa uzembe, kiwanda kinanawa mikono: matibabu juu yake, kazi hana, na huyo ni mtu ambaye hajui kama atashika tena hata kijiko.

Na aliuliza, mama. Aliuliza na akajibiwa. Hilo ndilo linalonifanya nisage meno.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana kaka amekuelezea kwa maneno makubwa makubwa hadi ukaniambia ni mipango ya Mungu. Mungu asisingiziwe. Haya ni mambo ya watu.

Pale kiwandani kuna boila moja kubwa, pipa la chuma la kuchemshia maji. Mvuke unatoka humo, unaingia bomba kuu, bomba linagawanyika, matawi yanagawanyika tena, na kila tawi lina koki yake, mpaka mvuke unafika kwenye matangi ya kutia rangi vitambaa na kwenye mashine za kufulia. Kazi tuliyopewa, kaka akiwa mkubwa wangu, ilikuwa kutengeneza programu yenye ramani ya mabomba hayo yote. Mtu akifungua koki kwa mkono, anabonyeza kwenye kompyuta ya idara yake kwamba imefunguliwa. Akiifunga, anabonyeza imefungwa. Basi mwenye kutaka kufanya kazi kwenye bomba anauliza chumba cha boila, wao wanatazama kioo cha kompyuta, wanamwambia.

Ndani ya programu kila bomba linajua koki zilizo chini yake, kila koki inajua mabomba yaliyo chini yake, na hayo nayo yanajua ya chini yao, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukitaka kuihifadhi ramani kwenye diski, ili umeme ukikatika isipotee, programu inaanza juu. Inaandika kitu kimoja, inakiuliza una nani chini yako, inamshukia huyo, inamwandika, inamuuliza vilevile, mpaka ifike kwa asiye na mtu, kisha inarudi kushika tawi lililobaki. Ni kazi ile ile inayojirudia ndani yake yenyewe. Hata wewe ungeifanya kwa kalamu, ukiwa na subira.

Shida ni koki moja iliyo ukutani, katikati ya idara ya rangi na idara ya kufua. Sisi tunaiita ya kati. Ukishuka kwa njia ya rangi unaikuta, ukishuka kwa njia ya kufua unaikuta hiyo hiyo. Programu isiyokumbuka ilikopita itaiandika mara mbili, na siku kompyuta ikizimwa na kuwashwa, itasoma kwenye diski koki mbili na itatengeneza koki mbili. Ukutani ipo moja! Tangu hapo watu wa rangi wakibonyeza kwamba yao imefunguliwa, ile ya pili upande wa kufua inabaki imefungwa kwenye kioo, haina habari na mtu.

Nililijua hilo tangu siku za mwanzo, na dawa yake niliiweka kwa mikono yangu. Kila kitu nilikipa nambari. Programu ikifika kwenye koki iliyokwisha kuandikwa, haiiandiki upya, inasema tu kwamba hapa ni ile ile ya nambari fulani. Ikija kusoma, inarudisha koki moja. Wala si ujuzi wa ajabu, kila anayejifunza kazi hii anafundishwa.

Sasa sikia. Meneja wa kiwanda akataka kuliona lile faili lenyewe. Yeye si mtu wa kompyuta, lakini wakubwa wa makao makuu walikuwa wanakuja kukagua mradi, naye alitaka kuwawekea mezani karatasi za kupendeza. Akafungua, akakutana na tazama nambari hii, tazama nambari ile, akanuna. Akasema zinamchanganya, kila tawi lisomeke lote mahali pake, yeye asirushwe huku na huku kama mtu anayetafuta muhuri kwenye ofisi za watu. Na kaka yangu, mwanao, mtu mzima mwenye akili zake, akasema sawa bosi. Akaingia kwenye programu akaziondoa nambari. Hakuniuliza. Nilikuja kuona mwenyewe.

Nilipoona nikatengeneza ramani ndogo ya mfano, mabomba mawili na koki moja kati yake. Nikaihifadhi, nikazima, nikawasha. Zikarudi koki mbili. Nikamwita kaka. Akaja na kikombe chake cha chai, akatazama kwa macho yake mawili. Na usije ukaambiwa kwamba hakuelewa! Huyo ndiye aliyenifundisha mimi kushika kompyuta, na neno la kwanza alilonipa ni kwamba kitu hujakihifadhi mpaka ukisome tena na kukilinganisha. Akanywa chai yake. Akaniambia kompyuta ile haizimwi kwa kuwa boila haizimwi, na ramani ikiwa haijasomwa upya kutoka kwenye diski haina tatizo. Hapo alisema kweli. Akasema wakubwa wakishaondoka tutarekebisha. Nikamuuliza, na siku ikizimika? Akacheka, akasema mbele ya wenzangu kwamba mimi ni mdogo wake nyumbani na mdogo wake kazini, nisimkalie kichwani. Wenzangu nao wakacheka, maana mkubwa akicheka ofisini kila mtu ana meno.

Wakubwa walikuja, wakasifu, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyerekebisha kitu. Kila nilipomkumbusha alikuwa na kikao.

Halafu umeme ukakatika. Ndiyo hivyo tu, umeme kama unavyokatika kwa kila mtu, na jenereta ikasitasita kushika. Kompyuta ikazimika, ikawaka, ikasoma diski. Kwenye kioo kila kitu kikaonekana sawa. Asubuhi yake watu wa rangi wakaifungua koki ya kati, wakabonyeza kama walivyofundishwa. Adhuhuri Spana akaitwa upande wa kufua kubadilisha gasketi, ule mpira wa kuziba maungio ya bomba, iliyokuwa ikivuja. Akafunga koki yake ya juu, akapita chumba cha boila, akauliza kama ile ya kati nayo imefungwa, maana mvuke wa upande wa rangi hupitia hapo. Mama wa zamu, mtu mzima na makini, akatazama tawi la kufua kwenye kioo, akamwambia imefungwa. Akalegeza nati.

Siku ile mimi nilisikia sauti nikadhani ni mashine. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Nikajifariji kwamba kaka atasimama aseme. Nikamtazama uso, nikaona ameumia kweli, nikamhurumia hata. Nikasema moyoni, huyu ni kaka yangu, atasema mwenyewe bila kusukumwa. Kumbe mimi ndiye mjinga wa ukoo.

Sasa tuje kwenye simu yako. Uliniambia nikiitwa mbele ya kamati ya uchunguzi nikubali kwamba sehemu ya kuhifadhi niliiandika mimi, na kwamba niliteleza kwa ugeni wa kazi. Eti yaishe. Eti mimi bado kijana na kazi nitapata nyingine. Eti sina mume wala mtoto wa kunililia, na mwenzangu ana familia na jina lake. Ukaniambia kaka hajasema lolote kunihusu, na kwa anavyonipenda hawezi kufungua mdomo mpaka mimi mwenyewe niridhie, ndiyo maana amepitia kwako. Mama! Hivi ulijisikia ulivyokuwa ukisema? Kwamba mtu asiye na mtoto jina lake ni la kufutia meza? Nilikasirika sana. Na bado nikakujibu nitafikiri, kwa sababu ulikuwa unalia. Nakuambia kweli tupu, nilifikiri. Niliwaza kukubali.

Ndipo nikaenda kumwona Spana. Nilikwenda nikiwa na hilo la kukubali moyoni, nikijiambia kwamba nikijitwisha mimi, walau yeye atasafishwa. Nikamkuta amefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, amekaa kimya. Spana, kimya! Mkewe alikuwa anamlisha. Akanitambua kwa sauti, lakini hakuniita Mama Kompyuta. Akaniomba nisogee, akaniuliza kwa sauti ya chini mkewe asisikie, kama ni kweli kwamba hakuuliza. Alisema wamemjia watu wa uongozi, wamemjia tena, kila mmoja anamwambia kwa upole kwamba hakuuliza, kwamba mama wa zamu hakumbuki kuulizwa, na kwa maumivu na dawa za usingizi yeye mwenyewe sasa hana hakika. Anakumbuka mlango wa chumba cha boila. Anakumbuka amesimama pale. Anaogopa kwamba labda alipita tu, kwamba mikono hii ameichoma mwenyewe.

Walikuwa wamemchukulia mikono, mama, sasa wanamchukulia na kumbukumbu. Nilitoka nje ya wodi nikalia kwa hasira, watu wakanipisha wakidhani nimefiwa. Nikamtafuta mama wa zamu kwake. Alinifungulia mlango nusu. Alisema anakumbuka vizuri sana, aliulizwa na alijibu, ila ameambiwa akikumbuka sana ataonekana ni yeye aliyedanganya. Nikamweleza habari ya koki mbili. Akakaa chini palepale kizingitini, akasema tangu siku ile hajaweza kupika, akidhani macho yake yalisoma vibaya.

Nikajua hapo kwamba nikikubali, si kosa la kubandikwa tu ninalolikubali. Kwa sababu kosa la ugeni wa kazi linaitwa ajali, faili linafungwa, na hakuna atakayeuliza nani aliambiwa mapema, nani alinyamaza, na kwa nini watu wawili wazima wanafundishwa kusahau.

Sasa naomba uvute pumzi. Kamati iliniita jana. Niliingia nikiwa nimejiandaa kueleza, wala sikuwa nimeamua kama nitataja mtu. Mwenyekiti ni mhandisi mstaafu, mzee mkavu asiyetabasamu. Kabla sijakaa vizuri akaniambia nimeitwa kujibu tuhuma, si kutoa ushahidi. Nikauliza tuhuma gani. Akasema mkuu wangu wa kazi alikwisha kuwaeleza, siku ya kwanza kabisa walipokaa, kwamba sehemu ya kuhifadhi niliiandika mimi peke yangu, nikaiingiza bila yeye kujua, na kwamba alinionya mara nyingi juu ya ukaidi wangu.

Siku ya kwanza kabisa, mama. Hesabu mwenyewe. Alipokuja kwako, akakaa kwenye kiti chake, akakulilia, akakuambia hawezi kunitaja mpaka niridhie, alikuwa ameshanitaja. Hakukutuma uniombee ruhusa. Alikutuma unifunge mdomo. Alijua mimi nikiona machozi yako nimekwisha, akayachukua akayatumia. Kunitaja mimi ningemsamehe siku moja, mtu akibanwa hushika chochote. Lakini kukutumia wewe dhidi ya mwanao mwenyewe! Loo!

Na alikuwemo humo ndani, ameinamia simu yake kama hamnazo. Basi sikupiga kelele. Nilimwomba mwenyekiti ainuke aje mwenyewe kwenye kompyuta. Nikamwambia sitaki mkono wangu uguse kitu. Akachora ramani ya mabomba mawili na koki moja, akaihifadhi, akazima, akawasha. Nikamwomba afungue koki upande wa kwanza, kisha atazame upande wa pili. Akatazama. Akavua miwani akaifuta akatazama tena. Akauliza ukutani ziko ngapi, nikamwambia moja. Kisha nikamfungulia programu ya zamani yenye nambari zangu, akarudia yale yale, koki ikarudi moja. Akaniuliza ni nani aliyeziondoa.

Nilimjibu kwamba ni kaka yangu, mtoto wa mama yangu, na kwamba nilimwonyesha hiki anachokiona yeye sasa, mbele ya wenzangu ambao wako nje ya mlango na wanaweza kuitwa. Waliitwa. Waliokuwa wakicheka siku ile jana hawakucheka, walisema walichokiona. Kaka akasema aliagizwa na meneja. Meneja, naye akiwa humo ndani, bila hata kugeuza shingo, akasema yeye hajui mambo ya kompyuta. Ndivyo alivyoachwa na bosi ambaye kwa ajili yake alikubali kujiaibisha.

Hukumu bado haijatoka. Lakini neno uzembe limeondolewa kwa Spana, mwenyekiti alilikata mbele yetu, na matibabu yanaendelea juu ya kiwanda. Kaka amesimamishwa. Nami nimesimamishwa pia mpaka wamalize, ujue hilo, sikutoka na taji.

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi hospitalini. Nikamwambia Spana, safari hii kwa sauti kubwa mkewe asikie, kwamba aliuliza, akajibiwa, na jibu ndilo lililokuwa la uongo. Akamwita mkewe kwa jina, akamwambia umesikia, niliuliza. Akarudia, niliuliza mimi. Akawa analia kwa jicho moja na kurudia neno hilo hilo, na mkewe anamfuta, na mimi nimesimama pale nina hasira na damu yangu mwenyewe.

Kwa hiyo, mama, usinipigie tena kuniomba. Mpigie yeye, muulize alikuwa wapi siku ya kwanza ya kamati. Muulize polepole, kwa sauti ile unayotumia kwangu.

Msalimie dada, na namshukuru kama amesoma bila kuruka. Wasalimie majirani wa mlango wa pili. Watoto wa kaka wabusu kwa niaba yangu, wao hawana hatia, na shangazi yao anawapenda vilevile. Baba yao simtumii salamu, tulionana jana.

Simu yako uliimalizia kwa kusema kwamba nikimtaja kaka yangu mbele ya watu, nisikanyage tena kwako. Nilisikia vizuri. Basi nimeshamtaja. Na mwisho wa mwezi nakuja nyumbani kama kawaida. Ukinifungia mlango, nitabisha mpaka ufungue.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako